Picha Zimefika Kinyumenyume

Sebit, nimenunua bando la usiku,
lile la bei ya chini linaloanza saa sita,
nikakaa kwenye kizingiti cha jikoni, Bombo imelala,
nikakutumia Jumamosi yetu nzima,
picha thelathini na moja.
Usiponielewa, lawama ni za mtandao:
unasema huko Mogadishu ya mwisho imetangulia
na ya kwanza bado iko njiani.

Basi kwako siku imeanza na usingizi.
Marjan begani kwangu, mdomo wazi,
bangili ya karatasi ya kiingilio ingali mkononi.
Amekataa kuivua hata kuoga. Leo ni siku ya nne,
na waridi yake imekuwa rangi ya chai.

Kisha ukaona mguu mmoja una kiatu.
Ukauliza: cha pili kiko wapi?
Subiri, kinakuja.
Kinaelea kwenye kidimbwi cha boti za bata
na kijana wa zamu anakivua kwa ufagio,
watu wamejipanga wanamshangilia
kama amenasa sangara.

Ile nyekundu tupu si hitilafu ya simu.
Ni Kaltuma, ameuleta ulimi mpaka kwenye lenzi
nihakikishe aiskrimu ilikuwa ya stroberi.

Na huyo anayecheka ameng'ang'ania usukani ni mimi.
Vigari vya kugongana, Sebit!
Nilimpiga ubavuni bwana mmoja wa suti
na yeye ndiye aliyeniomba radhi.

Hapo juu ya kibanda cha bisi, usidhani ni mlinzi.
Ni korongo, amekunja mabega
kama karani aliyestaafu kabla ya kulipwa,
anahesabu tunachodondosha.

Shati ni lako, ndiyo. La mistari.
Nilijua utaliona kabla hujaliona gurudumu.
Umelikuza mpaka likawa vumbi la rangi
ili uniulize nani ameshona kifungo.
Mimi. Kwa uzi mweusi, mweupe uliisha.

Sasa sikiliza, kwa sababu hii haina picha.

Gurudumu kubwa lilisimama sisi tukiwa kileleni.
Umeme ulikatika. Waliokuwa chini wakaguna,
muziki ukanyamaza katikati ya neno.
Marjan akashika kidole changu, Kaltuma akashika chuma,
simu ikabaki mfukoni, mikono haikunitosha.
Mabati ya Kansanga yote yalikuwa chini yetu,
na mbele ziwa, limetandazwa
kama shuka uliloliosha na kulisahau kambani.
Ikapita ndege, inashuka kwenda Entebbe.

Kaltuma akauliza: ile ni ya Baba?
Nikasema hapana.
Umejuaje?
Sikuwa nimejua, Sebit. Nilisema tu.
Nikamwambia, ingekuwa yake ingetupungia bawa.

Ndege ikainama upande mmoja, ikakata kona.

Walipiga kelele mpaka kiti kikayumba.
Wakalipungia ziwa, wakaipungia ndege,
wakaupungia hata mkia wa moshi uliobaki,
nami sikuwasahihisha.
Umeme uliporudi tulishuka polepole,
na mhudumu akatuambia pole kwa kusubiri.
Kaltuma akamjibu kwamba hatukusubiri,
tulikuwa na mgeni.

Ndiyo maana shuleni amesema umeshapita.
Mwalimu akikupigia kukuuliza, usikane.

Unasema imebaki moja tu, haifunguki,
ina duara la kijivu katikati, linazunguka, linazunguka.
Hiyo ndiyo ya kwanza.
Tuko langoni, viatu vinne miguuni mwa watoto,
nywele za Kaltuma bado zina mafuta,
nami nahesabu noti kwa siri nyuma ya mkoba
nikijiuliza kama zitafika gurudumuni.

Iache izunguke.
Bando langu linakata saa kumi na moja.
Usizime simu.